Mizani ya Sista na Bawa Liitwalo Shangazi

Katika banda la kukodisha mbao za michezo ya majini, hatua hamsini hivi kutoka ufukweni mwa ghuba, nyuma tu ya kaunta, imesimama mizani ya kliniki: nguzo ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, kibao cha kukanyagia, na juu rula ya mlalo yenye vizito viwili vya kusukuma kwa kidole. Kwa miaka ishirini na miwili ilipima kina mama wajawazito na wenye watoto. Kisha kliniki ikaletewa mizani za betri, na ile ya chuma ikapigwa mnada pamoja na viti vyenye miguu mitatu. Aliyeinunua ni muuguzi yule yule aliyekuwa akiitumia. Siku ya kustaafu alipewa cheti, hotuba mbili na saa ya ukutani. Saa ilisimama baada ya miezi mitatu. Mizani ingali inafanya kazi.

Wateja wanamwita Sista, kama alivyoitwa kliniki, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda. Kazi yake ni kuchagua mabawa.

Mtu ambaye hajauona mchezo huu huhitaji kuelezwa, na akishaelezwa haamini. Mchezaji anasimama juu ya ubao mfupi kuliko mlango wa choo. Chini ya ubao unateremka mlingoti wa urefu wa mguu wa mtu mzima, na mwishoni mwa mlingoti kimefungwa kitu mfano wa kindege kisicho na abiria: bawa kubwa mbele, bawa dogo nyuma kama mkia. Chombo hicho chote huitwa foili. Kasi ikitosha, bawa la mbele hufanya ndani ya maji kile ambacho bawa la ndege hufanya hewani. Ubao unainuka, unaacha maji kabisa, kelele zinakatika, na mtu anapita juu ya ghuba kimya kama aliyetoroka mkutano. Wengine husukumwa na wimbi. Wengine hushika mikononi tanga la kujazwa hewa na kuvutwa na upepo. Wote wanategemea lile bawa la chini, ambalo hakuna anayeliona likifanya kazi.

Ugomvi wote uko kwenye ukubwa wake. Bawa kubwa huinua mapema na husamehe makosa. Lakini upepo ukizidi haliambiliki, linapanda tu. Bawa dogo linataka kasi na miguu inayojua kazi, na likishavipata halina mpinzani. Lipi linamfaa nani hutegemea uzito wa mtu, nguvu ya upepo au ya wimbi, na anachotaka kwenda kufanya huko. Kuhusu upepo, Sista ana kifaa kidogo chenye feni anachokiinua mlangoni kila saa. Kuhusu anachotaka kufanya, watu husema wenyewe, kwa kirefu. Kuhusu uzito, watu wazima ni waongo kuliko watoto wachanga, ambao hupiga kelele tu lakini hawatoi takwimu.

Kwa hiyo mlangoni kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa za hospitali: HAKUNA ANAYESHUKA MAJINI KABLA YA KUPANDA MIZANI. Amepanda mwenye hoteli. Amepanda hakimu. Bwana harusi mmoja alipanda na wasimamizi wake wote, wakiwa na tai.

"Themanini," Mhasibu hutangaza kila Jumamosi, hata kabla hajavuka kizingiti. Ni mteja wa miaka minne, mtu mwenye kitambi cha heshima na miwani ya kamba, na anaitwa Mhasibu kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Vua viatu, baba."

"Nimeshasema themanini, Sista."

"Nimesikia. Na mizani imesikia. Panda."

Vizito husukumwa. Kidole cha Sista hakina haraka. Tisini na nne.

"Ni hii kaptula," Mhasibu husema. "Ina mifuko mingi."

"Ina kilo kumi na nne?"

"Kuna funguo za gari."

"Gari la moshi?"

Kisha Sista huandika. Kila mteja ana kadi yake ya njano, ya saizi ile ile ya kadi za watoto wa kliniki, zote zimepangwa wima ndani ya sanduku la viatu: tarehe, kilo, upepo, bawa. Tofauti ni kwamba kule kliniki mstari ukipanda watu walifurahi.

Mabawa nayo yalikuja kutoka kiwandani yakiwa na namba, sentimita za mraba zilizopigwa chapa kwenye kaboni. Mwezi wake wa kwanza Sista aliona jinsi wanaume wenye vyeo wanavyozigombania namba ndogo, kama kwamba ukubwa wa bawa ni kipimo cha hofu ya mtu, na bila kumwambia yeyote alichukua msasa akazifuta zote. Mahali pake akaweka nukta za rangi ya kucha, na ndani ya daftari akayapa majina. Lile la elfu mbili ni Godoro. La elfu moja mia sita ni Shangazi: halimwangushi mtu ovyo, lakini halipendi kuharakishwa na likikasirika linasimama. La elfu moja ni Karani, linafanya kazi yake halina ushabiki. Dogo kuliko yote, la mia saba na hamsini, ni Wembe. Majina yalitakiwa yawe siri. Yalikaa siri kwa siku nne.

Mwenye banda, mume wa mdogo wake, hakupendezwa. Shemeji ni fundi wa faibaglasi, mtu wa vumbi jeupe kwenye nyusi, na ukutani juu ya meza yake ya kazi amebandika jedwali la kiwanda lenye rangi tatu: kilo upande huu, upepo upande ule, unapeleka kidole hapa na pale vinapokutana ndipo penye bawa lako.

"Jedwali linatosha, shemeji," humwambia. "Wameliandika wahandisi."

"Jedwali limeulizwa kilo na Mhasibu," hujibu Sista. "Likasadiki."

Inafaa isemwe pia kwamba Sista mwenyewe hajawahi kusimama juu ya ubao. Haogelei. Maji ya ghuba yamemfika magotini mara moja tu, siku alipomfuata mteja aliyeondoka bila kupimwa.

Anayejua kuruka katika familia ni binti yake, mtoto wa pekee, ambaye ghuba nzima inamwita Kocha. Alifundisha hapo miaka sita. Wanafunzi wake walikuwa wakimwangalia akigeuka kwenye boya bila ubao kugusa maji, tanga likihama mkono huu kwenda ule, halafu wanarudi nchi kavu kuuliza kama kuna mchezo mwingine rahisi zaidi. Bawa lake lilikuwa Wembe. Akapata mimba, akaacha kuruka, akajifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya mnadi. Mumewe anafanya kazi mji mwingine na hurudi mwisho wa mwezi. Mtoto alipofikisha miezi minane, barua ya chama cha michezo ya majini ikafika.

Barua ilikuwa ya adabu sana. Ilimkumbusha Kocha kwamba leseni ya ukufunzi huhuishwa kila mwaka kwa mtihani. Kwamba mwaka jana hakutokea. Na kwamba asiyehuisha kwa miaka miwili mfululizo huanza kozi upya, miezi mitano, chuoni, mbali na nyumbani. Hiyo miezi mitano na mtoto wa miezi minane haviwezi kukaa katika maisha ya mtu mmoja, na kila aliyeisoma barua alilijua hilo bila kulisema. Kufaulu mtihani huu au kuacha kazi: barua haikuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyosema.

Wiki ile ya mtihani Kocha alikuja jioni mbili kufanya mazoezi. Upepo ulikuwa mwepesi, pumzi tu. Mara zote mbili alikuta ubao umeshafungwa foili, na kwenye foili bawa la Shangazi. Kwa upepo ule lilifaa. Aliruka kidogo, akarudi kumnyonyesha mtoto, akaondoka.

Asubuhi ya mtihani alimkuta tena Shangazi. Amefungwa, amekazwa bolti, amepanguswa kwa kitambaa.

Kocha aliinama akalitazama lile bawa pana. Alikuwa amevaa shati la mumewe juu ya nguo ya mpira ya kuogelea, kama alivyozoea miezi hiyo, mikono imekunjwa mara tatu.

"Hili?" akauliza.

"Hili litakubeba," akasema mama yake.

"Sawa, Mama."

Hakubisha. Huyu ni mtu ambaye tangu ana miaka mitatu hajawahi kuvalishwa viatu bila mjadala. Sista alifurahia utii huo na kuingia ndani kumlaza mjukuu kwenye kapu nyuma ya kaunta. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewafundisha wauguzi wapya kwamba mama anayekubali kila kitu ndiye wa kuangaliwa mara mbili.

Shemeji alikuwa mlangoni anapangusa mikono.

"Umempima?"

"Nani?"

"Kocha."

"Mwanangu huyo. Namjua."

Shemeji alilitazama jedwali lake ukutani. Kisha akaitazama karatasi ya mlangoni, yenye zile herufi kubwa. Akarudia kupangusa mikono iliyokwisha kutakata. Ni mwanamume aliyeoa katika ukoo huo na anapenda kuendelea.

Ukweli ni kwamba Sista alikuwa na sababu yake, na ilikuwa njema. Aliwajua kina mama wenye watoto wa miezi minane. Aliwakumbuka wakisimama mbele ya mizani ile ile huku wameangalia dari, wakivua saa, hereni, hata pini za nywele, na namba ikisomwa wanatabasamu kwa midomo tu. Alimwona Kocha akivaa mashati ya mumewe. Akakisia: sabini, pengine na mbili, na miguu iliyosahau. Asingempandisha binti yake kwenye kibao kile mbele ya Shemeji na Mhasibu ili aaibike. Angemfungia bawa kubwa, la kusamehe, na yangeisha. Hiyo ndiyo huruma yake, na aliikaza kwa bolti nne.

Mkaguzi wa chama alifika saa tatu na nusu na boti ya injini, filimbi na ubao wa karatasi. Alisoma masharti kwa sauti, ingawa mtahiniwa alikuwa mmoja na alikuwa ameyasoma mara sita kabla. Mizunguko mitatu kati ya maboya mawili. Kuanguka mara moja kunaruhusiwa, mara mbili hapana. Majaribio ni mawili. Boti itaondoka saa saba kamili, kwa sababu kuna ghuba nyingine na watu wengine.

Kocha alipoingia majini kifaa cha Sista kilisoma upepo wa kumi na mbili. Alipofika boya la kwanza kilisoma kumi na tisa. Bendera ya banda, ambayo tangu alfajiri ilikuwa imening'inia kama taulo, ilijinyoosha ikaanza kupiga kamba.

Pale ufukweni Mhasibu alikuwa amesimama na ubao wake kwapani, anasubiri zamu. "Anapanda vizuri," akasema.

Alikuwa anapanda vizuri kupita kiasi. Upepo ulivuta tanga, kasi ikaja, na Shangazi, ambaye umbo lake lote ni kuinua, akainua. Kocha aliegemea mguu wa mbele kumrudisha chini. Akaegemea zaidi. Ilionekana wazi hata kwa asiyejua mchezo kwamba mtu anakandamiza kitu kwa uzito wake wote, na kwamba uzito hautoshi. Bawa likatoka juu ya maji, likameza hewa, likapoteza mshiko. Ubao ulidondoka kwanza, Kocha akafuata.

Alipanda tena. Mzunguko wa pili, karibu na boya la mbali, upepo ulipigwa kumbo na kitu kisichoonekana, na ikawa vile vile: juu, juu, hewani, chini. Filimbi ya mkaguzi ililia fupi, kama ya mwamuzi anayetaka kurudi nyumbani.

Mhasibu akakohoa. Ikumbukwe kwamba huyu ni mtu anayepandishwa mizani kila Jumamosi kwa miaka minne.

"Sista," akasema, "samahani lakini. Huyu naye alipanda?"

"Alipanda wapi?"

"Mizani."

Mkaguzi, aliyekuwa ameshuka kujaza fomu, aliinua macho akasoma mlango wa banda kwa mbali, midomo ikimcheza. Kocha alikuwa anatoka majini, ubao umemwelemea begani, maji yanamchuruzika, shati limeachwa nchi kavu. Na kwa mara ya kwanza baada ya muda ambao Sista hakutaka kuuhesabu, alimwona mwanawe bila shati. Mifupa ya mabega. Shingo. Nguo ya mpira, ambayo kazi yake ni kumbana mtu, ilikuwa imekunjamana kiunoni.

"Njoo ndani," akasema.

"Mama, nina jaribio moja, acha nipumzi—"

"Njoo ndani, mwanangu. Vua viatu."

"Sina viatu."

"Basi panda."

Kocha alipanda. Hakuangalia dari, alimwangalia mtoto kwenye kapu, amelala na ngumi mbili juu ya kichwa kama aliyeshinda ngumi. Sista alisukuma kizito kikubwa hadi sabini. Rula haikucheza. Akakirudisha hadi sitini. Haikucheza. Akakirudisha tena, akaanza kusogeza kile kidogo, alama moja moja.

Hamsini na nane na nusu. Akatoa kilo moja na nusu kwa ajili ya nguo yenye maji, kama alivyokuwa akiwatolea watoto uzito wa nepi. Hamsini na saba.

Kadi ya Kocha ilikuwa ya mwisho sandukuni. Mstari wake wa mwisho, wa karibu mwaka mmoja na nusu uliopita, ulisema sitini na tatu. Alikuwa amepungua kilo sita kutoka uzito wa msichana asiye na mtoto. Mbele ya macho ya muuguzi. Mbele ya mizani.

"Ulijua kwamba ni Shangazi," Sista akasema.

"Mama, nimefundishia bawa hilo miaka sita. Ningelijua hata kwa kulipapasa."

"Na ukaona upepo utakuja."

"Niliona."

"Mbona hukusema kitu?"

Kocha alishuka kwenye kibao. "Nikadhani umeniona. Wewe hubahatishi watu. Mhasibu unampima kila wiki, na kila wiki unajua jibu. Ulipofunga Shangazi mara tatu nikasema basi, Mama ameona kitu. Ameona nimekwisha. Mimi ni nani nibishane na mizani?"

"Sikukupima."

"Najua sasa."

Shemeji aligundua ghafla kwamba ana msumari wa kunyoosha upande wa nje wa banda.

Sista alikaa kwenye kiti chake. Yaliyomjia kichwani hayakuwa mageni. Aliyasema mara nyingi kwa wengine, kwa sauti ya kazi. Uzito wa mtu haukisiwi kutokana na nguo zake. Anayesema "namjua huyu" amekwisha kuacha kumtazama. Aliogopa namba kubwa, akaiogopa kwa niaba ya mwenzake, na kwa ajili ya hofu hiyo akamvika mtoto wa kilo hamsini na saba bawa la mtu wa tisini kwenye upepo wa ishirini. Mhasibu angeruka nalo vizuri sana.

"Unakula?" akauliza.

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Anachobakiza mtoto."

"Mtoto wa miezi minane anabakiza nini?"

Kocha alifikiri. "Inategemea na siku," akasema, kisha wote wawili wakacheka, kicheko kibaya chenye maji ndani yake, na mtoto akashtuka akafungua jicho moja, akaona ni watu wake, akalifunga.

Saa isiyotembea ukutani ilionyesha saa kumi kasoro robo, kama siku zote. Saa ya Shemeji ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

"Nani ana chakula hapa?" Sista akauliza kwa sauti iliyofika nje.

Kwa unyonge, kutoka upande wa ule msumari: "Mayai mawili. Na mkate. Ni vya mchana."

"Vilete."

"Shemeji, mimi nimeamka saa kumi na moja—"

"Vilete, shemeji. Utakula ukirudi nyumbani, kwa mkeo, ambaye ni mdogo wangu."

Kocha alikula amesimama, na baada ya yai la kwanza akakaa. Sista alisimama mbele ya rafu ya mabawa. Aliinua kifaa chake mlangoni: ishirini na mbili, na hautapungua. Kwa kilo hizi na upepo huu hapakuwa na swali. Jedwali la wahandisi lingesema Wembe, na safari hii jedwali lingekuwa limeambiwa ukweli. Alilishika Wembe, jepesi kama kitabu chembamba. Akalirudisha. Wembe linataka kasi kabla halijamwinua mtu, na ukipoteza kasi kwenye kona linakushusha bila kukuaga. Lina haja ya miguu ya mtu aliyelala. Kilo na upepo alikuwa amevipima. Miguu ya mtu anayeamka mara nne kila usiku hakuwa na chombo cha kuipimia, na makisio yake ya asubuhi yalikuwa bado yanaelea ghubani.

Akafanya jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulishuhudia. Alimgeukia anayepimwa akamuuliza.

"Wewe wataka lipi?"

Kocha aliacha kutafuna. Alitazama Wembe kwa muda. Ni bawa lake, alilizoea kama mswaki. Kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya rafu hiyo amenyoosha kidole kwenye bawa dogo kuliko linalomfaa. Hiyo ndiyo sababu msasa ulitumika.

"Karani," akasema. "Wembe nitalichukua nikishanenepa."

"Upepo utakusumbua kidogo."

"Kidogo nitauweza. Miguu ikichoka kwenye kona, Karani litanisubiri. Wembe halisubiri mtu."

Sista aliinama akaanza kufungua Shangazi. Bolti tatu zilitoka kwa amani. Ya nne ilikuwa imekula mchanga na haikutaka, na Shemeji, ambaye njaa ilikuwa imempa uadilifu fulani, alikuja na mafuta na ufunguo wa mkono mrefu, akauning'inia ufunguo mpaka bolti ikalia. Karani likakaa mahali pake. Kocha mwenyewe alikaza bolti ya mwisho, akaitikisa foili kwa mikono miwili kusikia kama kuna kitu kinachocheza, kama alivyowafundisha wengine. Ilikuwa saa sita na robo.

Ufukweni mkaguzi aliusoma tena utaratibu wote kwa sauti.

Mzunguko wa kwanza Kocha alipanda juu kidogo kuliko ilivyopendeza, akaegemea mguu wa mbele, na bawa likatii. Ubao ukatulia kiasi cha goti juu ya maji, ukakaa hapo. Aligeuka boya la kwanza bila kugusa. Kwenye boya la pili tanga lilichelewa kuhama mkono, akaanguka, kuanguka kwa kawaida tu, kwa pembeni. Lakini huko ndiko kuanguka pekee alikokuwa nako mfukoni.

Mhasibu alishika ubao wake kwa mikono miwili. Sista aliangalia kifaa chake cha upepo ingawa alijua kinasema nini.

Mzunguko wa pili ulikuwa safi. Wa tatu, kwenye kona ya mwisho kabisa, miguu ilifika mwisho wa nguvu zake. Ilionekana: magoti yalilegea, kasi ikakatika, ubao ukashuka ukabusu maji mara moja, mara ya pili. Wembe lingezama hapo na hadithi ingekuwa nyingine. Karani lilikuwa bado linabeba. Kocha alisukuma kwa miguu, mara moja, mara mbili, kama mtu anayekanyaga udongo, akalipata wimbi dogo lisilo na maana yoyote, likampa kile kilichopungua. Ubao ukaacha maji. Akarudi kwa mwendo wa pole, bila mbwembwe, mdomo wazi.

"Amefaulu," mkaguzi alisema, akiandika. "Ila kona ya mwisho haikuwa nzuri."

"Umesema amefaulu?" Sista akauliza.

"Ndiyo."

"Umeandika?"

"Naandika."

"Basi kona mwachie mwenyewe."

Mkaguzi alimtazama, akatazama lile tangazo la mlangoni, na inasemekana alivuta tumbo ndani alipokuwa akirudi kwenye boti.

Jumamosi iliyofuata Mhasibu aliingia akitangaza themanini. Mbele yake kwenye foleni alikuwa Kocha, beji ya leseni mpya kifuani, mtoto mkononi, shati la kwake mwenyewe mwilini. Alipanda kwanza pamoja na mtoto. Kisha akamkabidhi mtoto kwa Shemeji, aliyempokea mbali kidogo na vumbi lake, akapanda peke yake. Sista alifanya hesabu ya kutoa kichwani kama alivyoifanya mara elfu kadhaa katika maisha yake. Mtoto alikuwa ameongezeka. Mama yake alikuwa hamsini na saba na nusu.

"Nusu kilo," Kocha akasema. "Wiki nzima ya mayai ya Shemeji."

"Ndiyo maana mimi nimepungua," akasema Shemeji.

"Panda tuone," Sista akamwambia, na yule akakumbuka msumari mwingine.

Kadi ya njano ilikuwa mezani. Chini ya mstari wa zamani wa sitini na tatu palikuwa na nafasi nyeupe, na Sista hakuijaza kwa kukisia. Aliandika tarehe. Aliandika kilo, pamoja na ile nusu. Upepo, kumi na sita. Katika safu ya mwisho, ya bawa, aliandika Karani, akainua kalamu, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kazi hiyo, kuanzia shingoni hadi miguuni na kurudi.

Kisha akaongeza, kwa herufi ndogo ili zienee: kwa sasa.